Muulize Mama Shamba: Njegere ipi nipande?

Meseji za njegere zimekuwa nyingi sana mwezi huu, nadhani ni kwa sababu mvua zimekaa vizuri na kila mtu anawaza mbegu. Nimechagua hizi chache ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

Mama Shamba habari za kazi. Nalima robo eka hapa Mlalo, Lushoto, miaka yote napanda njegere zetu za kienyeji. Sasa duka la pembejeo wameleta aina mbili, moja fupi wanasema haitaki fito, nyingine ndefu wanasema inazaa balaa ila bei yake iko juu. Mteja wangu anapeleka Dar. Nichukue ipi? Na zile za kula na maganda zina soko kweli?

Nzuri dada'ngu, hongera kwa shamba. Mi kabla ya kuulizia ipi inazaa sana huwa nauliza kwanza fito utatoa wapi, maana hapo ndo watu wengi wanakwama. Njegere ndefu, mfano Alderman, inapanda hadi mita moja na nusu na zaidi, usipoisimamishia fito na kamba mapema inalala chini, na ikilala kwenye ukungu wa huko Usambara maganda yanaoza upande wa udongoni. Fito zenyewe sa hivi zinauzwa na msituni huwezi kwenda kukata tu. Kwa hiyo bei ya mbegu sio bei ya mbegu peke yake, weka na fito, kamba ya katani na siku za kibarua wa kufunga, alafu ndo ulinganishe.

Fupi kama Kelvedon Wonder inaishia magotini, zinashikana zenyewe kwa vikonyo, unaweza ukaipanda mistari ya karibu karibu sentimita 45 hadi 60, mbegu hadi mbegu sentimita 5 hivi. Inawahi, miezi miwili na siku kadhaa unachuma, ila sasa inakomaa kwa mkupuo, unachuma mara mbili tatu imeisha. Hiyo ni nzuri kama unataka shamba liwe wazi uweke kabichi, na ni mbaya kama wiki yako ya kuchuma inaangukia siku ambayo Lushoto nzima imeshusha njegere Kariakoo, hapo bei utaambiwa na dalali na huna la kufanya. Ndefu inachelewa, karibu miezi mitatu, lakini ikianza inakupa maganda kwa wiki kadhaa, leo bei mbaya wiki ijayo nzuri, inajifidia. Wewe una mteja wa uhakika na robo eka ya kuchuma na watoto wako, kama fito zipo ningekwambia weka ndefu sehemu kubwa, fupi weka kipande tu cha kukupa hela ya mapema. Kama fito hazipo, nenda na fupi ila usipande siku moja, gawa shamba mara tatu, pishanisha wiki mbili mbili.

Kuna kitu kingine muuzaji hatakwambia. Mwambie akumiminie mbegu kidogo kiganjani uzitazame. Zikiwa zimekunjamana, zina makunyanzi, hizo ndo tamu za kula mbichi, zina sukari nyingi zaidi na wanga kidogo, zikiwa changa zinajaa maji mengi ndo maana zikikauka zinasinyaa. Zikiwa laini za mviringo kama gololi hizo zina wanga zaidi, zinastahimili udongo wa baridi wenye maji bila kuoza haraka, na zikikaushwa zinafaa kwa kupika kama maharage, ila mteja wa Dar anayemenya za pilau atakuja kukulalamikia kwamba hazina utamu. Hili angalia na kwenye zile zako za kienyeji, usishangae ukikuta zimechanganyika.

Za kula na maganda ziko mbili. Kuna bapa, zile unachuma punje hazijajaa, na kuna nene kama Sugar Snap, hii alitoa Mmarekani Calvin Lamborn na ilianza kusifika mwaka 1979, unaitafuna yote ganda na punje. Soko lake ni hoteli na wasafirishaji wa nje, na huko masharti ni makali, ganda likiwa na doa au kipimo kikikuta mabaki ya dawa kupita kiwango mzigo unarudishwa. Usipande hata mstari mmoja kabla hujakaa na mnunuzi mkaandikiana, maana pale sokoni Soni ukizimwaga hakuna wa kuzichukua.

Shikamoo mama. Niko Kinyerezi, Dar. Nimepanda njegere kwenye ndoo na viroba, zimeota vizuri majani mazuri kabisa, zikatoa maua meupe yakadondoka yote. Nimeweka mbolea, nimemwagilia asubuhi na jioni, wapi. Kuna aina ya joto?

Marahaba mwanangu. Hapana, usihangaike, ni joto tu na wala sio uzembe wako. Njegere inapenda nyuzi 13 hadi 18, inavumilia kidogo hapo juu, ila ikishapita 27 maua yanaanza kudondoka na punje hazijai, na Dar hata Julai mchana unapita hapo. Aina zipo zinazotofautiana kwa kuvumilia lakini hakuna utakayonunua dukani ikakupa mavuno ya maana Kinyerezi. Viroba vyako weka kunde au bamia. Ila kama unazipenda sana njegere, panda mbegu msongamano kwenye beseni pana, zikifika kimo cha shibiri kata zile ncha changa, zikaange na kitunguu na nazi kidogo, ni mboga nzuri mno na hapo huhitaji ua hata moja.

Mama, salamu kutoka Kinangop, Kenya. Niko na nusu eka ya minji, ndizo njegere kwenu, msimu uliopita majani yalikuwa na unga mweupe kama mtu amemwagia unga wa ngano, nikanyunyiza dawa ya agrovet, duka la pembejeo, mara nne na bado. Pia mbele ya hapo, mwezi wa kwanza, baridi ilichoma maua. Nibadilishe mbegu ama nibadilishe dawa?

Salamu nimepokea kijana wangu. Badilisha mbegu, na badilisha tarehe pia. Lakini kwanza tuhakikishe ugonjwa wenyewe. Chukua jani, pitisha kidole juu. Ule unga ukitoka ukabaki kwenye kidole na chini yake jani bado kijani au limeanza kuwa njano, huo ni ubwiri unga. Kama juu ya jani kuna mabaka ya njano na ukiligeuza chini unakuta manyoya ya kijivu, huo ni ubwiri vinyoya, ni ugonjwa mwingine, unapenda mvua na ubaridi, na dawa yake sio ileile. Watu wanapiga dawa ya huu kwa ule, pesa inaenda.

Ubwiri unga unakuja mchana ukiwa mkavu na usiku wa baridi wenye umande, na kwa kawaida unakuja mwishoni minji ikishabeba, kwa hiyo anayepanda mapema mwanzo wa mvua mara nyingi anachuma kabla haujatawala, anayechelewa ndiye anaumia. Dawa za salfa zinasaidia ukianza pale unapoona madoa ya kwanza kwenye majani ya chini, shamba likishakuwa jeupe unapoteza tu. Na usipige salfa jua la saa sita, inachoma majani. Soma kwenye kopo siku za kusubiri kabla ya kuchuma na uzifuate, hizi minji zinaliwa na watoto wa watu.

Kwenye mbegu sasa, uliza agrovet neno moja tu, hii inahimili ubwiri unga au haihimili, na usome kwenye pakiti usiridhike na maneno. Kwa zile bapa za maganda Oregon Sugar Pod II inahimili, ilitengenezwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon. Sugar Snap yenyewe ya mwanzo haihimili, ukiipanda ujue. Angalia kibandiko cha KEPHIS, wale wakaguzi wa mbegu na afya ya mimea wa Kenya, kwenye pakiti, kile cha kukwaruza na kutuma namba kwa simu, usione uvivu, mbegu feki ndo inakupa shamba lenye vimo vitano tofauti.

Kuhusu baridi, mche mdogo wa minji unastahimili barafu vizuri tu, kinachokufa ni ua na ganda changa. Kwa hiyo hesabu kurudi nyuma. Kama kwenu barafu inashuka Januari usiku usio na mawingu, na mbegu yako inatoa maua wiki ya sita au ya saba, basi usipande ili ichanue Januari. Na sehemu ya bondeni kabisa ya shamba, pale baridi inapotulia usiku, weka kitu kingine.

Mama Shamba, nauliza kutoka Makete. Naambiwa mbegu ya njegere ukiirudia inaharibika, lazima ununue kila msimu. Ni kweli?

Kwa mahindi ya chotara ni kweli, kwa njegere sio hivyo. Ua la njegere linajichavusha lenyewe kabla hata halijafunguka, nyuki akifika kazi imeshaisha, kwa hiyo mtoto anafanana na mama yake msimu baada ya msimu. Hii ndo sababu Gregor Mendel, yule mtawa wa mji wa Brno huko Ulaya, alichagua njegere kwa majaribio yake ya urithi aliyoyachapisha mwaka 1866, mbegu za mviringo na za makunyanzi zilezile nilizomwambia dada wa Mlalo.

Kinachoharibu mbegu ya kurudia ni magonjwa na mazoea yetu. Wengi tunachuma, tunauza nzuri, yanayobaki yamechoka mwishoni mwa msimu ndo tunayaita mbegu. Fanya kinyume chake. Shamba likiwa limeanza kubeba maganda pita ukafunge kamba nyekundu kwenye mimea yenye afya, iliyobeba mapema, isiyo na madoa ya kahawia kwenye shina wala ganda, maana yale madoa yanaingia mpaka ndani ya punje na yanarudi nayo shambani. Hiyo iliyofungwa usichume hata ganda moja, iache ikauke mpaka ukitikisa punje zinalia ndani. Pukuchua, kausha kivulini, ukiing'ata jino lisiingie, weka kwenye chombo kisichopitisha hewa wadudu wasitoboe. Na usirudie njegere kipande hichohicho kabla ya miaka mitatu, minne ni bora zaidi. Hii ni ya shamba lako. Ukitaka kuuza kama mbegu nenda TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu Tanzania, wakuelekeze utaratibu wa mbegu za kuazimiwa ubora, zile wakulima wenyewe wanazozalisha chini ya ukaguzi.

Njegere zangu zimejaa majani, maganda ya kuhesabu. Nimeweka yurea mara mbili. Shida nini? (Arumeru)

Shida ni hiyo yurea. Ng'oa mche mmoja taratibu na udongo wake, suuza mizizi, utaona vinundu. Kimoja kikate kwa kucha, kikiwa na wekundu wa waridi ndani kinafanya kazi ya kuvuta naitrojeni kutoka hewani, kikiwa cheupe au cha kijani hakifanyi kazi. Ukimwaga yurea mmea unaacha kutengeneza vinundu na unakula ya bure, unarefuka tu. Wakati wa kupanda weka samadi iliyooza na mbolea ya kupandia ya DAP kidogo, ichanganye na udongo isiguse mbegu, baada ya hapo achana nayo. Na maganda yakianza kujaa chuma kila baada ya siku mbili tatu, kabla ganda halijaanza kuonyesha mishipa, ukiyaacha yakakomaa mmea unaona umemaliza kazi na unaacha kutoa maua.