Kabla Hujauza Gari Ugombee Ubunge Mogadishu

Juzi kijana mmoja wa Columbus, Ohio, aliniandikia: “Dada, nataka kurudi nyumbani nigombee. Nianzie wapi?” Nilicheka, halafu kicheko kikanikauka. Huyo ni mimi wa juzi tu.

Nimekulia Eastleigh, nikahamia Minneapolis. Mwaka 2017 Farmaajo, aliyekuwa mtumishi wa idara ya uchukuzi ya jimbo la New York kule Buffalo, alipochaguliwa rais wa Somalia, sisi qurbajoog (ndivyo waliobaki nyumbani wanavyotuita Wasomali wa ughaibuni) kila mmoja alijiona yuko foleni ya ikulu. Basi uchaguzi wa 2021 ulipoanza, nikabeba akiba yangu yote pamoja na zamu yangu ya ayuuto, upatu wetu wa akina mama.

Uchaguzi ule kura hakupiga kila mtu. Kiti kimoja kilikuwa na wajumbe 101 wa kupiga kura, na waliowachagua walikuwa wazee wa ukoo pamoja na wenzao. Wiki sita nimekaa hotelini nikiwamiminia wazee chai ya maziwa. Na bahasha nilitoa, sitaficha. Adeer mmoja, yaani ndugu wa baba, wa damu kabisa, alizihesabu noti kwa kidole gumba bila kuninyanyulia macho, kisha akauliza: “Baba yako alizikwa wapi?” Nairobi, nikasema. Akaguna. Kiti akapewa mwanamume. Ile asilimia 30 ya wanawake tuliyoahidiwa iliishia karibu 20, na mimi deni la ayuuto nimelimaliza mwaka jana.

Kwa hiyo mdogo wangu, usianze na kiti, anza na kitu. Uliza watu wanataka nini. Uliza kwanza, nasema tena. Chuo Kikuu cha Amoud kule Borama kilifunguliwa 1998 kwa michango ya wenyeji na ya walio nje, na watoto wa watu wanasoma. Na ukoo ukikupigia simu usiku uchangie vita, kama tulivyopigiwa wengi wakati wa mapigano ya mji wa Las Anod mwaka 2023, kata simu. Mwenye kufa si wewe uliye kwenye hita.

Wakati nikiwa hotelini, binamu yangu wa kijijini aliniomba dola 900 za pampu ya kisima. Nilimwambia asubiri nishinde. Nimemtumia mwaka huu. Akanijibu kwa sauti ya WhatsApp: sekunde 40 za injini ikinguruma, yeye hasemi neno.