Kaseti za baba mkwe: tuandikishe wakfu kwanza au tuokoe sauti?

SWALI: Mimi ni Mtanzania, nimeolewa huku New Jersey katika familia ya Kihungaria. Baba mkwe alikimbia kwao mwaka 1956 akapokelewa Camp Kilmer, kambi ya jeshi hapa New Jersey. Amefariki na kutuachia kaseti 40 alizowarekodi wakimbizi wenzake, pamoja na sanduku la barua na picha. Familia inataka kuandikisha wakfu usio wa faida ili historia hii isipotee. Tuanzie wapi, na kaseti tuzihamishie vipi kwenye kompyuta?

JIBU: Poleni sana kwa msiba, dada. Anzeni na kaseti. Karatasi za wakfu zinaweza kungoja, lakini utepe unachakaa hata ukiwa kabatini.

Kabla ya kucheza kaseti yoyote, vunja vile vipande viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwake, ili asitokee mtu akarekodi juu yake kwa bahati mbaya. Peleka utepe mbele hadi mwisho, kisha urudishe, ulegee. Tafuteni deki nzuri ya kaseti, si redio ya jikoni, na usafishe kichwa chake, ile sehemu inayosoma utepe, kwa pamba na spiriti ya isopropili. Sauti ikiwa nzito kama mtu anayeongea nyuma ya pazia, mara nyingi kichwa hakijakaa sawa na utepe. Pembeni ya kichwa hicho kuna skrubu ndogo. Izungushe taratibu mpaka herufi "s" isikike kali, na urudie hivyo kwa kila kaseti. Rekodi kwa WAV, aina ya faili ya sauti isiyobanwa, biti 24, kilohezi 96. Saa moja ya stereo itakula takriban gigabaiti 2, kwa hiyo kaseti 40 za dakika 60 hazifiki gigabaiti 100. Usiondoe mivumo kwenye nakala kuu. Fanya hivyo kwenye nakala ya kusikilizia. Weka nakala tatu, moja nje ya nyumba, na kaseti zenyewe msizitupe.

Sasa majina, maana hapa ndipo nimeona mikusanyo mingi ikiharibika. Kihungaria hutanguliza jina la ukoo: Kovács István ndiye huyohuyo Stephen Kovacs wa karatasi za Kimarekani. Andikeni yote mawili. Herufi ő si ö, na ű si ü, hivyo hakikisheni programu yenu haizibadilishi. Tarehe huanza na mwaka. Na mkikuta Kovács Jánosné, huyo ni mke wa Kovács János. Jina lake mwenyewe halimo kabisa. Ni kama sisi tunavyomwita mtu Mama Juma miaka yote, hadi siku ya mazishi watu wanaulizana aliitwa nani. Mtafuteni jina lake, tafadhali. Wanawake wale nao walivuka mpaka usiku wakiwa na watoto mgongoni.

Kazi hiyo inahitaji wazee walio hai. Baada ya vifaru vya Kisovieti kuingia Budapest, mji mkuu wa Hungaria, kuzima maasi tarehe 4 Novemba 1956, watu wapatao 200,000 waliondoka, wengi kupitia Austria na wengine Yugoslavia. Zaidi ya 30,000 walipitia Camp Kilmer. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule alizaliwa 1936. Chukueni picha mwende mkakae nao, mwandike majina nyuma kwa penseli laini, si kalamu ya wino. Kuskani kunaweza kufuata: nukta 600 kwa inchi, faili za TIFF.

Jambo la ridhaa msiliruke. Kwa sheria ya Marekani, barua uliyoandikiwa ni karatasi yako, ila maneno ni ya aliyeyaandika au warithi wake. Waliozungumza kwenye kaseti nao wana haki zao. Pateni ridhaa ya maandishi, na muulize kama kuna sehemu ya kufungwa kwa muda isisikilizwe na watu. Wengine waliwataja ndugu waliobaki nyuma ambao hawakuwahi kuulizwa.

Kuhusu wakfu, maoni yangu ni kwamba msikimbilie. New Brunswick, jirani kabisa na ilipokuwa Camp Kilmer, kuna American Hungarian Foundation, ulioanzishwa 1954, ambao kwa miongo mingi umekusanya vitabu na nyaraka za Wahungaria wa Marekani. Zungumzeni nao kwanza. Mkiamua kuwa na wenu, mtaomba msamaha wa kodi chini ya kifungu 501(c)(3) cha sheria ya kodi ya Marekani, na hati ya kuanzishia lazima iseme mali itakwenda wapi wakfu ukivunjika. Wengi hujaza kipengele hicho kwa haraka. Nimewahi kuitwa kwenye gereji yenye maji, waasisi wote wamefariki, masanduku yameota ukungu, na hakuna aliyejua ni ya nani. Andikeni jina la taasisi mahususi, iliyokwisha kukubali kwa barua.

Jaribu kwanza kwa kaseti ya muziki usiyoijali. Ile skrubu ikikusumbua, nitumie sekunde 30 za sauti niisikilize.