Orodha Zinazosomeka: Ushauri kwa Wanaoandikia Tovuti

Kazi yangu hapa Nairobi ni kuhariri kurasa za tovuti za mashirika ya kijamii, zile zinazomweleza mzazi namna ya kuomba basari au mgonjwa namna ya kupata huduma za kliniki, na hakuna sehemu ya ukurasa ninayoikagua kwa uangalifu kuliko orodha. Msomaji wa kurasa hizi huzisomea kwenye simu, mara nyingi akiwa ndani ya matatu au kwenye foleni, na macho yake hukimbilia orodha kabla ya aya kwa kuwa anaamini kwamba humo ndimo yalimo mambo ya kutekeleza. Orodha ikimpotosha, atafika ofisini bila nakala inayotakiwa, arudishwe nyumbani, na nauli yake iwe imepotea.

Kabla ya kuandika kipengele chochote, jiulize iwapo utaratibu una maana. Nambari humwambia msomaji kwamba hatua ya pili haiwezi kutangulia ya kwanza: fomu hujazwa, hutiwa sahihi na mwalimu mkuu, hupigwa muhuri wa chifu, ndipo ipelekwe. Stakabadhi zinazoweza kukusanywa kwa mpangilio wowote zinatoshwa na vitone, na kuzipa nambari ni kumfanya mtu asubiri barua ya chifu ilhali angeweza kupiga picha za pasipoti siku hiyo hiyo. Hata hivyo, nambari na herufi zina kazi nyingine halali, yaani kurahisisha kutajwa. Kifungu cha 43(1) cha Katiba ya Kenya ya 2010 huorodhesha haki za kiuchumi na kijamii kuanzia (a) hadi (f), ingawa afya haiipiti elimu kwa uzito, na kwa sababu hiyo mwananchi anaweza kusimama barazani, ataje 43(1)(d), na kila mwenye nakala akajua kwamba anadai maji safi na salama.

Jambo la pili ni sarufi, na hapa Kiswahili hakisamehe. Nimekutana mara nyingi na sentensi kama "Vyeti vinavyohitajika ni", ikifuatwa na kitambulisho, barua ya chifu, halafu "uwe na picha mbili". Barua si cheti, na "uwe na" haiwezi kukaa baada ya "ni", hivyo msomaji hulazimika kuisahihisha sentensi kichwani mwake huku akitafuta maana. Ukianza kwa "Leta vitu vifuatavyo" na kuhakikisha kwamba kila kipengele ni nomino, tatizo linakwisha. Ukianza kwa "Mwombaji anatakiwa", basi kila kipengele kianze kwa kitenzi cha "ku-". Isome sentensi ya utangulizi kwa sauti pamoja na kila kipengele, kimoja kimoja, na kile kisichopatana nayo kitajitokeza chenyewe. Kuhusu uakifishaji, chagua mtindo mmoja na uufuate hadi mwisho.

Jambo ninalolisisitiza zaidi ya yote halionekani kwa macho. Waandishi wengi huchapa kistari, wakaacha nafasi, wakaandika maneno, na matokeo yakafanana na orodha. Lugha ya HTML, ile inayoundia kurasa za tovuti, hata hivyo, ina alama maalumu za kazi hii: ul kwa orodha isiyo na utaratibu, ol kwa yenye utaratibu, na li kwa kila kipengele. Programu zinazowasomea skrini watu wasioona, kama vile NVDA na JAWS, hutegemea alama hizo ili kumtangazia msikilizaji kwamba amefika kwenye orodha yenye vipengele kadhaa, na humwezesha kuruka hadi orodha inayofuata kwa kubonyeza herufi L, au hadi kipengele kinachofuata kwa kubonyeza I. Vistari vya kuchapa humnyima yote hayo. Kigezo cha 1.3.1 cha WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kuzifanya tovuti zifikiwe na watu wenye ulemavu, kinadai kwamba muundo unaoonekana kwa macho uweze kutambuliwa na programu pia, na Kifungu cha 54(1)(c) cha Katiba yetu kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia habari. Tumia kitufe cha orodha kilichomo katika programu yako ya uandishi, nacho kitaweka alama hizo bila wewe kuzigusa.

Si kila kitu kiorodheshwe. Hoja hushikamana kwa "kwa sababu", "ijapokuwa" na "hivyo basi", na viungo hivyo ndivyo vya kwanza kudondoka maelezo yanapokatwakatwa kuwa vitone. Mzazi anayetaka kujua ni kwa nini ombi la mwanawe lilikataliwa, na kama kuna njia ya kukata rufaa, mwandikie aya kamili, kisha hatua za rufaa zifuate chini yake kwa nambari.