Seli ya kinga "humeng'enya" sukari?

Swali: Naandaa makala ya sayansi. Niliandika "jinsi kingamwili zinavyodhibiti mmeng'enyo wake ili kupata nishati". Mhariri akafuta "mmeng'enyo" na kuweka "umetaboli". Kwa nini tukope ilhali neno letu lipo?

Jibu: Namuunga mkono mhariri, ingawa hamu yako naielewa. Mmeng'enyo ni neno zuri, na lina ndugu yake kimeng'enya (enzaimu). Lakini kumeng'enya ni kuvunjavunja, na msomaji akiliona neno hilo anawaza tumbo na utumbo. Umetaboli, yaani jumla ya kazi za kikemikali ndani ya seli, una pande mbili, kuvunja na kujenga. Ukiuacha upande wa kujenga, habari ya seli za kinga haieleweki kabisa.

Chukua seli T, aina mojawapo ya seli za kinga. Ikiwa imetulia, huchoma glukosi (sukari ya damu) na mafuta kidogo kidogo kwa oksijeni, ndani ya mitokondria, vile viwanda vya nishati vya seli. Ikishamtambua adui, hufyonza glukosi kwa wingi na sehemu kubwa huivunja upesi nje ya mitokondria, hata kama oksijeni ipo tele. Kwa hesabu ya nishati ni hasara: njia hiyo ya mkato hutoa molekuli 2 tu za ATP, kibeba nishati cha seli, kwa kila glukosi, wakati mitokondria zingefikisha 30 hivi. Faida iko kwingine. Baadhi ya vipande vya sukari hugeuka malighafi ya DNA, protini na utando, maana seli hiyo imo mbioni kugawanyika na kila seli mpya lazima iundwe. Inavunja ili ijenge. "Mmeng'enyo" utaubebaje mzigo huo?

Kwa sababu hiyohiyo, kuwa mwangalifu na "kuchoma". Kitenzi hicho kinafaa pale oksijeni inapotumika. Kwa glikolisisi, yaani ile njia ya mkato isiyohitaji oksijeni, andika "kuvunja". Makala yako imesimama juu ya tofauti hiyo. Usiifute kwa kitenzi kimoja.

"Kudhibiti" ni sawa, ila mtaje anayedhibiti: protini ya mTOR huchochea ujenzi, na ya AMPK huuzuia ujenzi huo nishati inapopungua.

Ngeli nayo: umetaboli umebadilika, au metaboli imebadilika. Chagua moja, usichanganye.

Kosa ambalo mhariri hakuliona ni "kingamwili". Hizo si seli. Ni protini zinazotokana na kazi ya seli B, aina nyingine ya seli za kinga, nazo hazina umetaboli wa kudhibiti. Andika "seli za kinga".