Aya ya 14

Mmeuliza wiki hii: umewahi kuandikiwa uongo kwenye karatasi za mahakama, na ulifanyaje?

Mimi nilikuwa mweka hazina wa chama chetu cha michango hapa Umoja, Nairobi. Mwanachama mmoja alitupeleka mahakama ya Milimani, na katika hati yake ya kiapo, aya ya 14, akaapa kwamba tarehe 9 Machi 2023 nilitoa shilingi 48,500 za chama kwa ajenti wa M-Pesa kule Donholm, nikazila. Niliisoma nikiwa ndani ya matatu. Nilipitishwa stejini bila kujua.

Usiku huo niliandika jibu la kurasa sita. Nilimwita mwizi, mlevi, nikachomeka na mambo ya nyumbani kwake. Wakili wangu, kijana wa rika la mwanangu, aliyasoma kimya, akachukua kalamu nyekundu, akakata karibu yote. “Mama, haya matusi mahakama inaweza kuamuru yafutwe. Tarehe tisa ulikuwa wapi?”

Nilikuwa hospitali, binti yangu akijifungua. Karatasi ya kuruhusiwa ninayo. Kisha nikabonyeza *334# ya M-Pesa, nikaomba taarifa ya laini niliyopokelea michango: siku hiyo iliingia michango miwili, haikutoka hata senti. Kijana akaiambatanisha na cheti kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, maana karatasi iliyochapwa kutoka kwa kompyuta bila cheti hicho inaweza kukataliwa. Tukajibu aya kwa aya, zote 23. Zilizokuwa na ukweli tulizikubali. Roho iliniuma, lakini naona ndicho kilichofanya tuaminiwe kwa zile tulizokana.

Nilitaka pia kumshtaki kwa kunichafulia jina. Nikaambiwa haiwezekani, yanayosemwa ndani ya kesi yana kinga. Kuapa uongo ni kosa la jinai, kifungo chake hadi miaka 7, ila kulishtaki ni kazi ya serikali. “Usilingojee, mama.”

Siku ya kuhojiwa mahakamani, kijana alimuuliza yule mwanachama jambo moja tu kuhusu aya ile: tarehe hiyo uliitoa wapi? Akamtazama wakili wake, akatazama chini.

“Niliambiwa.”

“Na nani?”

Hakujibu. Tukikutana soko la Mutindwa siku hizi, yeye ndiye hutangulia kunisalimu. Naitikia, nachagua nyanya zangu.