Wa mwisho mlimani ana haki ya kupumzika

SWALI: Shikamoo shangazi. Tulikuwa wanane kwenye safari ya baiskeli ya siku tano mashambani, kila mtu na hema lake na mizigo yake. Siku ya tatu ilikuwa vilima vitupu: kilomita 58, na kwa jumla tulipanda mita 1,100. Kila mlima wenzangu walinitangulia. Nikifika juu nawakuta wamekaa, wananipigia makofi, kisha tunaondoka. Mlima wa nne nilishuka nikasukuma huku machozi yananitoka. Kwenye mteremko uliofuata nilibana breki mwanzo mwisho kwa woga hadi nikasikia harufu ya kuungua. Usiku tukalala bondeni, hema likalowa umande, nikatetemeka mpaka asubuhi. Wenzangu wanasema tatizo ni mazoezi. Gia yangu nyepesi kabisa ni meno 34 mbele na 28 nyuma, mzigo kilo 18. Niachane na safari hizi?
Msomaji wa nyuma kabisa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiache. Katika barua yako yote, maneno yaliyonichoma ni yale mawili: "kisha tunaondoka."

Tupige hesabu. Tuseme wenzako walikusubiri dakika 15 kila kilele, na wewe ukapata mbili za kushusha pumzi. Kwa milima minne wao wamepumzika saa nzima, wewe dakika nane. Aliyechoka kuliko wote ndiye aliyepumzika kidogo kuliko wote, na kila mlima aliuanza na deni la mlima uliopita. Hapo hata mwenye mazoezi angelia.

Hili nimeliona kwa macho yangu, na nilikuwa upande wa waliosubiri. Tulikuwa saba. Mwenzetu wa mwisho alipofika juu hakushuka hata kwenye baiskeli. Aliweka mguu mmoja chini, akajaribu kufungua chupa ya maji. Mkono ulikuwa unatetemeka. Kifuniko kikamponyoka, kikabingirika hadi kwenye majani, naye akakitazama tu bila kukifuata. Sisi sita tulikuwa tumeshavaa kofia. Nilikiokota kile kifuniko, na tangu siku hiyo kila kundi ninaloliongoza lina sheria moja isiyojadiliwa: dakika za kupumzika zinaanza kuhesabiwa wa mwisho anapokaa chini. Dakika kumi kamili. Asiyeweza kusubiri apewe kazi, atangulie kuteka maji na kutafuta pa kulala.

Sheria ya pili inahusu mizigo. Jiko, sufuria, mitungi ya gesi na vifaa vya ufundi ni mali ya kundi, kwa hiyo havigawanywi sawa kwa sawa. Vinakwenda kwa wenye nguvu. Kama katika zile kilo 18 zako kuna jiko la watu wanane, limerudi kwa wenyewe kuanzia leo.

Sasa gia, maana hapa ndipo umeonewa zaidi. Gurudumu la kawaida la baiskeli ya safari likizunguka mara moja husogea kama mita 2.1. Kwa meno yako 34 na 28, kila mzunguko wa pedali unakusogeza karibu mita 2.5. Ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika unakwenda kilomita 9 kwa saa. Kwenye mwinuko wa asilimia 10, yaani mita 100 za kupanda katika kila kilomita, wewe na baiskeli na mzigo mkiwa kilo 100, mwendo huo unadai wati zipatazo 250 za kuinua uzito peke yake. Wengi wetu hatuwezi kuushikilia kwa nusu saa. Ukipunguza mizunguko, miguu inakaba, magoti yanauma, mwishowe unashuka. Ndiyo maana ulishuka.

Ukifunga gia ya nyuma yenye meno 34, dai linashuka hadi kama wati 205. Ukipata na ya mbele ya meno 26, unafika karibu 160, ukijikokota chini ya kilomita 6 kwa saa lakini umekaa juu ya baiskeli na unaweza kuongea. Muulize fundi kama kihamisha gia chako kinaimudu, na kama cheni inahitaji kurefushwa. Na akitokea wa kukuambia gia nyepesi ni uvivu, mwambie ubishi huo ni wa zamani mno. Mfaransa Paul de Vivie, mwendesha baiskeli wa safari ndefu aliyefahamika kwa jina la Vélocio, aliupigania uhuru wa kubadilisha gia miaka mingi, naye alifariki mwaka 1930. Mashindano ya baiskeli ya Tour de France yaliruhusu vihamisha gia mwaka 1937. Leo hakuna bingwa anayepanda mlima bila kihamisha gia. Huyo huyo de Vivie alisisitiza kula kabla hujaona njaa na kunywa kabla hujaona kiu. Shika hilo pia, kwa sababu njaa ikishakukamata katikati ya mlima, chakula kinachelewa kukuokoa.

Kusukuma si aibu. Mwinuko ukikuangusha chini ya kilomita 5 kwa saa, baiskeli yenye mzigo inayumba na mguu unakwenda sawa nayo. Shuka kabla hujaishiwa, sukuma mita mia mbili, panda tena.

Ile harufu ya kuungua naomba uichukulie kwa uzito. Breki za kubana rimu zinapobanwa mfululizo, joto lote linaingia kwenye rimu, na mteremko mrefu wenye mzigo unaweza kupasua mpira wa ndani ukiwa kwenye kasi. Bana kwa nguvu kwa muda mfupi, achia upepo upoze, bana tena, kwa breki zote mbili. Punguza mwendo kabla ya kona, usingoje uwe ndani yake. Woga ukizidi, simama kabisa, na usiiguse rimu kwa kidole. Kabla ya safari nyingine, fungua raba za breki uzitazame: zikiwa zimeng'aa kama kioo au zimemeza chembe za chuma, badilisha.

Kuhusu baridi, hewa baridi ni nzito, usiku huteremka na kutuama bondeni pamoja na umande. Tafuteni tambarare ndogo ubavuni mwa kilima, juu kidogo ya bonde, pasipo upepo wa kileleni.

Wasomee wenzako jibu hili kabla hamjapanga safari nyingine, hasa ile sheria ya dakika kumi. Kama kuna atakayeikataa, niandikie tena uniambie alitoa sababu gani.