Mkuu, Jumamosi usipige hiyo lami, unyevu wa RAP (lami chakavu iliyokwanguliwa barabarani) ulinimaliza mimi

Mkuu simama hapohapo, salamu baadaye. Umeandika kwamba lami chakavu mmekwangua wiki iliyopita, vuli imeinyeshea siku 3 mfululizo, umechota sampuli moja pale juu ya rundo saa 7 mchana, unyevu umetoka asilimia 1.8, mmelifunika turubai, na Jumamosi mnaanza kupiga lami yenye RAP asilimia 20. Halafu unauliza kutenganisha bitumen (ile gundi nyeusi ya lami) utumie dawa au oveni, na kori, vile vipande vya mduara vya kupimia lami iliyolala, mkate ngapi kwa kilomita. Kori za nini sasa mkuu? Kwa mwendo huo kori zitakuja kukuzika.

Mimi nilifanya hivyohivyo, hadi turubai lilikuwa la bluu. Tulikuwa na kipande upande wa Mbagala, planti, yaani mtambo wa kuchanganya lami, iko kule njia ya Kibaha. Nikamuuliza injinia wa planti, mzee mwenye miaka yake kwenye hii kazi, kama nipime unyevu wa RAP kila siku, akacheka mbele ya vijana. "Dogo, lami haishiki maji, ndiyo maana tunaweka barabarani." Nikajiona mjinga kweli. Ukiangalia haraka linaingia akilini, ila huyo mzee alisahau kwamba mashine ya kukwangua inavunja kokoto, inatoa sura mpya ambazo hazijawahi kuguswa na bitumen, na inatoa vumbi jingi, na vumbi ndiyo linalokunywa maji. Juu jua la Dar linaoka rundo linafanya gamba, kavu kabisa, unaweza kukalia na suruali nyeupe. Chimba futi mbili pale chini uone, unatoka na uji.

Na kosa langu halikuishia hapo. Sampuli yenyewe niliitia kwenye kiroba cha sandarusi, nikampa bodaboda aipeleke maabara mchana wa jua, ikapigwa na upepo hadi inafika imekauka kama dagaa. Maabara wakaandika 1.5. Hawakuwa na kosa, walipima walicholetewa. Walichopima ni unyevu wa bodaboda.

Tukaseti planti kwa hiyo 1.5. Huko ndani ya rundo, nilikuja kupima baadaye sana, ilikuwa 6. Sasa piga hesabu na mimi. Bachi ya tani moja ina RAP kilo 200, kwa asilimia 6 hapo kuna maji kama kilo 11. Hayo maji lazima yageuke mvuke ndani ya miksa, na joto la kuyageuza yanalitoa kwenye kokoto mpya ulizochoma, hakuna moto mwingine mle. Peke yake yanashusha mchanganyiko wote karibu nyuzi 30. Bitumen unayotegemea itoke kwenye RAP nayo inapungua kidogo kwa sababu umepima maji ukidhani ni lami, hiyo ningeisamehe. Nyuzi 30 hazisameheki.

Tulitegemea itoke 160, ikawa inatoka 130 na kitu, na miksa inatoa mvuke kama pishi la shughuli, na mzee yule anasema "ni kawaida hiyo". Tipa zikashuka Ubungo, zikaingia Mandela, foleni mnaijua wenyewe, zikatambaa hadi Kilwa Road. Nachomeka themometa kwenye tipa la kwanza, 112. Nikajiambia themometa mbovu. Nikaazima nyingine kwa konsaltanti, 111. Na bado nikamwaga aisee, kwa sababu konsaltanti kasimama pale, vijana wamesimama, rola imekodiwa kwa siku, unaanzaje kurudisha tipa?

Rola ikapita mpaka dereva akachoka, lami haishuki, inapasuka vinywele. Mkataba ulitaka msongamano asilimia 97 ya Marshall (sampuli ya lami iliyogongwa maabara), kori zikaja 93, moja 92 na nusu. Mita 150 zikang'olewa, tani kama 115, kwa hela yangu. Nyumba yangu Chanika mpaka leo imesimama kwenye lenta, wageni nawaambia ndiyo dizaini. Yule mzee nilipompigia akaniuliza, "kwani ulipima unyevu?" Nikakata simu nisije nikatukana mtu mzima.

Kwa hiyo: unyevu unapimwa kila asubuhi kabla bana (kichomeo cha planti) haijawashwa, na tena mvua ikinyesha, na sampuli inatoka NDANI. Mwambie mwenye shepe la mashine akate rundo lote hadi chini, chota sehemu 5 au 6, hasa kule chini, changanya, gawa robo nne uchukue sehemu yake, funga kwenye ndoo yenye mfuniko au nailoni umekaza. Pima uzito, kausha kwenye oveni nyuzi 105 hadi 110 mpaka uzito ugome kushuka, uliopungua gawa kwa uzito mkavu. Kama huna oveni saiti, karai na jiko la gesi linafaa, moto mdogo na ukoroge, ukiona moshi ujue umeshaunguza bitumen yenyewe na namba hiyo ni ya uongo.

Na hilo turubai litoe leo hii. Linafungia mvuke, usiku unageuka matone yanarudi chini, unapika rundo kama wali wa kufunika. Jenga paa la mabati, pembeni wazi, upepo upite, na chini pawe pagumu na mteremko maji yakimbie. Huna muda wa paa, kata rundo mapema uligeuze juani, ila usije ukaniambia jua limelikausha kabla hujapima.

Kesho saa 12 asubuhi chimba, pima, leta namba hapa. Ikizidi 4 na bado unataka kuanza Jumamosi, nitakuja kuzuia hiyo tipa mwenyewe, mimi nakaa Tandika.